Mkono Ulitangulia

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwamuzi asiyehitaji filimbi wala shahidi, akionaye kilichofichwa kifuani kama akionavyo kilicho wazi kiganjani. Sala na salamu zimfikie Mtume wake, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Baada ya hayo, wanangu, watu wa kisa hiki ni hawa. Wa kwanza ni Alinor, kijana wa miaka kumi na mitatu, mwepesi wa kuhifadhi na mwepesi wa kuudhika. Wa pili ni Saidamen, binamu yake, mdogo kwake kwa mwaka mmoja. Walilelewa nyumba moja na kulala chandarua kimoja tangu wazazi wa Saidamen waende kufanya kazi Jeddah. Wa tatu ni ami yao, Macaraya, aliyeamua michezo ya mpira wa kikapu kandokando ya Ziwa la Lanao, huko Ufilipino, kwa miaka thelathini, hata magoti yake yakawa yanalia kama bawaba kavu. Wengine mtawakuta uwanjani. Na uwanja wenyewe ni wa kijiji cha Rinabolan, uliotengana na msikiti kwa ukuta usiozidi kiuno cha mtu mzima.

Kila siku, wakitoka shule, vijana hao wawili walikuwa na kazi moja. Uwanja ule wa saruji asubuhi ulianikiwa mpunga, kwa hiyo alasiri ilipokaribia waliukusanya mpunga kwa reki za mbao, wakautia magunia, wakafagia, wakafukuza kuku waliobaki wakidonoa punje. Kisha Ami Macaraya alikuja na kiti chake cha plastiki, akaketi chini ya kikapu, akawahoji.

"Haya. Mpira hufa lini?"

Alinor hakumngoja mtu. "Filimbi ikilia, Ami. Na kikapu kikifungwa. Na muda ukiisha. Na hapa kwetu, adhana ya msikiti wetu ikianza na upatu ukapigwa."

"Na ikiwa mchezaji ameshautupa kuelekea kikapuni, uko hewani, ndipo upatu ukalia?"

"Haufi! Unangojewa mpaka uingie au ukose. Ukiingia, unahesabiwa."

"Vyema. Na mtu akimgonga mwenzake mpira umeshakufa?"

"Hakuna faulo, Ami, isipokuwa ya ukorofi."

Saidamen alikuwa akikuna kichwa muda wote huo. Kisha akauliza polepole, "Ami, kwa nini isiwe faulo? Aliyegongwa si anaumia vilevile?"

Ami Macaraya akatabasamu kwa namna ambayo Alinor hakuwahi kutabasamiwa. "Swali hilo, mwanangu, mimi nililiuliza nikiwa na miaka ishirini." Akamweleza kwa kirefu. Alinor aliyejibu yote akabaki kuparua saruji kwa kidole cha mguu. Kifuani mwake kiliingia kitu kidogo kama mwiba wa samaki: hukioni, lakini kila ukimeza unakisikia.

Mwiba huo ulikua. Wiki moja kabla ya Idi, Ami aliwajaribu katika mchezo wa watoto wadogo, kila mmoja kwa dakika kumi. Alinor alipiga filimbi mara arobaini. Aliyekanyaga mstari, filimbi. Aliyepumua karibu na mwenzake, filimbi. Na kila faulo aliifuatisha kwa maelezo marefu.

"Wee Alinor," alifoka mtoto mmoja, "tumekuja kucheza au kusikiliza hotuba ya Ijumaa?"

Saidamen alipiga mara sita tu, akanyamaza, na watoto wakacheza.

Jioni hiyo Ami akaivua filimbi yake nyeusi, ile yenye kamba nyekundu iliyopauka, akamvisha Saidamen. "Filimbi ni amana. Mchezo wa mwisho wa sikukuu tutauamua wawili, mimi na wewe. Lakini sikilizeni nyote: atakayekosea kosa kubwa mbele ya watu, nitamvua palepale nimpe mwenzake. Na wewe, Alinor, utakaa mezani. Kalamu, saa na upatu ni vyako."

"Mezani?" alisema Alinor.

"Mezani."

Usiku Saidamen aliitundika filimbi juu ya chandarua, na kila upepo ulipopita iligonga mwanzi wa chandarua, tik, tik, juu ya uso wa Alinor. Mezani kwa chakula mama yake Alinor alimwekea Saidamen paja la kuku juu ya wali wa manjano. "Mwamuzi wetu ashibe, akimbie," alisema. Alinor akapewa bawa. Hata palapa, kachumbari ile kali ya pilipili aliyoizoea tangu utotoni, siku hiyo ilimchoma ulimi. Husuda haina njaa ya chakula, wanangu. Hula kilicho katika sahani ya mwenzio.

Siku ya tatu ya Idi ikafika. Fainali ya vijana ilikuwa kati ya Rinabolan, waliovaa bluu, na kijiji jirani cha Pindoloran, waliovaa manjano. Ilipasa kuanza mara baada ya sala ya Adhuhuri, lakini mvua ilinyesha, ikalowesha uwanja, na saruji ikakaushwa kwa magunia hadi saa nane na nusu. Kila mtu akajua kwamba Alasiri itawakuta mchezoni. Hilo halikumshtua mtu, kwa kuwa desturi ipo. Misikiti ya kando ya ziwa ni mingi na vipaza sauti vyake havianzi pamoja. Kwa hiyo uwanja hufuata msikiti wake peke yake. Aliye mezani huketi chini ya kipaza sauti, na akisikia mwadhini wao ameanza, hupiga upatu mkubwa wa shaba. Hapo mpira hufa. Watu huswali, kisha hurudi, na mchezo huendelea ulipoishia.

"Bwana Upatu!" alimtania Camaro, nahodha wa Rinabolan, kijana mrefu mwenye mdomo mwepesi. "Usisinzie, tutakosa sala kwa ajili yako."

"Cheza mpira wako," alijibu Alinor.

"Na wewe cheza kalamu yako."

Watu wakacheka. Alinor hakucheka. Macho yake yalimfuata Saidamen, aliyesimama na kamba nyekundu shingoni, mwembamba kama mwanzi, na bado wachezaji waliomzidi kimo wakimsikiliza. Saidamen akipuliza, aliinua ngumi, akaja mbele ya meza, akasema kwa adabu, "Meza: bluu, namba nne, kashika mkono. Ni faulo yake ya nne." Namba nne alikuwa Camaro, na kwa kanuni ya mchezo huo faulo ya tano humtoa mtu nje. Alinor akaandika. Kila alipoandika alijiona karani anayeandikishwa na mdogo wake, na kila Saidamen aliposema kweli, Alinor aliomba moyoni akosee. Alichunguza miguu yake, mikono yake, mahali aliposimama, akitafuta kosa kama mtu atafutaye chawa katika nguo ya jirani. Hakuliona. Na kutoliona ndiko kulikomuumiza zaidi.

Zikabaki sekunde kumi. Rinabolan thelathini na nane, Pindoloran thelathini na saba. Uwanja mzima ulikuwa umesimama ukipiga kelele.

Mosib, kijana mfupi wa Pindoloran, aliudunda mpira akapenya upande wa msikiti, akaruka. Camaro akaruka naye akampiga kwenye kiwiko. Mpira ukamtoka Mosib mkononi. Filimbi ya Saidamen ikalia. Juu ya kichwa cha Alinor kipaza sauti kikakwaruza, *Allahu Akbar* ikafuata, na Alinor akapiga upatu. Mpira, uliokuwa ukipanda wakati huo, ukashuka, ukazunguka ukingo wa chuma, ukaingia.

Mambo hayo manne yalifuatana upesi kiasi kwamba kwa wengi yalikuwa jambo moja. Kwa Alinor hayakuwa. Yeye alikuwa chini ya kipaza sauti, mpira ukiwa mbele ya macho yake, hatua nne tu. Mkono ulitangulia. Aliona nafasi ya samawati, kipande cha ziwa, kati ya vidole vya Mosib na mpira, kabla hata kipaza sauti hakijakwaruza.

"Adhana ilishaanza!" walipaza sauti watu wa Rinabolan.

"Imehesabika! Na mtupo wa adhabu juu yake!" walijibu wa Pindoloran.

Ami Macaraya akainua mkono mmoja. Alikuwa upande wa pili, na watu waliosimama walikuwa wamemzibia. "Nyamazeni. Mnaitwa na aliye mkubwa kuliko mpira."

Uwanja ukanyamaza. Kila mtu akasimama alipokuwa, akimwitikia mwadhini kwa midomo. Alinor naye midomo yake ilitikisika, lakini moyo ulikuwa ukifanya hesabu nyingine. Akisema mkono ulitangulia, kikapu ni halali, faulo ni halali, na Saidamen atakuwa ameamua vizuri kuliko watu wazima. Akisema upatu ulitangulia, basi mpira ulikuwa umekufa, kikapu si kikapu, faulo si faulo, na Saidamen amekosea kosa kubwa mbele ya watu. Adhana ni ndefu kwa mtu aisikilizaye akiwa na jambo kama hilo moyoni.

Ilipokwisha, Ami alikuja akichechemea mpaka mezani. Saidamen alikuwa nyuma yake.

"Meza," alisema Ami, "kipi kilitangulia? Mkono au upatu?"

"Upatu, Ami." Sauti ilitoka nyembamba, naye akaikaza. "Nilipopiga, mpira ulikuwa bado mkononi mwake, na Camaro hajamgusa."

"Kaka Alinor," alisema Saidamen, "kweli? Mbona mimi niliona..."

"Unabishana na meza?"

Saidamen akarudi nyuma hatua moja.

Ami Macaraya akaitazama saa ya meza. "Neno la meza ndilo neno la muda," alisema, akawageukia watu. "Mpira ulikuwa umekufa! Kikapu hakihesabiwi. Mgongano wa mpira mfu si faulo. Sekunde sita zimebaki, tutacheza baada ya sala."

Bluu wakarukaruka. Mosib akaketi chini, akakishika kiwiko chake. Na kutoka kwa watazamaji, kutoka pande zote mbili, zikaja sauti: "Mvue filimbi huyo mtoto!" "Mechi kubwa hii, mmeweka kifaranga!"

Ami alikuwa ametoa ahadi, naye hakuwa mtu wa kuvunja ahadi. Alimvua Saidamen ile kamba nyekundu, taratibu, kama mtu amvuaye mgonjwa nguo, akamvisha Alinor. "Sekunde sita ni zako. Saidamen atakaa mezani." Kisha akauweka mpira katikati ya uwanja, ndani ya duara, na watu wakauacha pale peke yake.

Wachezaji walichukua malong zao zilizoning'inizwa ukutani, wakajifunga vitambaa vile vipana juu ya kaptula, wakaenda kutawadha. Alinor naye akatawadha. Alichokitamani siku zote hizo kilikuwa kifuani pake, nacho kilikuwa chepesi kuliko alivyodhani.

Alijipenyeza safu ya nyuma ili awe mbali na Saidamen. Lakini safu ilipopangwa palibaki pengo kando yake, na aliyekuja kuliziba alikuwa Saidamen. Bega likagusa bega. Unyayo mwembamba ukasogea, ukagusana na wake.

Waliporukuu, filimbi ilining'inia mbele ya macho yake. Waliposujudu, iligonga sakafu kabla ya paji lake la uso. Tik. Sijida ya pili, tik. Rakaa ya pili, tik, tik. Akajaribu kuiingiza ndani ya shati, ikateleza ikatoka. Hakuna aliyegeuka. Imamu hakukatiza. Lakini Alinor aliisikia kama upatu, na kila mara aliisikia ikitangulia.

Baada ya salamu, Saidamen alimwinamia.

"Kaka," alinong'ona, "yule namba saba wa manjano huvuta jezi kwa mkono wa kushoto. Ukisimama upande wa ziwa humwoni. Simama upande wa msikiti."

Alinor akaifumbata filimbi kiganjani.

"Na makelele yasikutishe. Mimi nilikuwa nahesabu pumzi zangu." Akafikiri kidogo, akikuna kichwa kama desturi yake. "Tena pengine wewe ndiye uliyeona sawa. Siku nyingine nitamwomba Ami anipime macho. Niliapa moyoni kwamba nimeuona mpira hewani, kumbe mtu anaweza kuona kisichokuwepo."

Hapo ndipo Alinor alipofahamu alichokiiba. Hakuiba filimbi peke yake. Alikuwa amemwibia mwenzake macho yake mwenyewe, na mwenzake, bila kujua, alikuwa akimsaidia mwizi.

Akainuka kabla ya watu. Akavuka ule ukuta mfupi, akapita kando ya mpira uliolala ndani ya duara, akashika kigongo, akapiga upatu mara tatu. Kwa kanuni, mara tatu maana yake ni kwamba meza inamwita mwamuzi.

Watu wakaja mbio, viatu mkononi. Ami Macaraya akaja nyuma yao.

"Meza inasemaje?"

Alinor alikuwa ameandaa maneno marefu. Yote yakamkimbia. "Mkono ulitangulia," alisema. "Niliona. Mpira ulikuwa hewani nilipopiga. Nimesema uongo."

"Kwa nini?"

"Nilimwonea wivu Saidamen."

Kisha Camaro akalipuka. "We mtu ni wa kijiji gani? Tulikuwa tumeshinda! Sekunde sita, mjinga wewe!"

"Camaro," alisema Ami, "huyu alikuwa mjinga kabla ya sala. Baada ya sala ameerevuka. Usimrudishe." Akaichukua karatasi ya matokeo akaiinua juu watu waione. "Sijatia saini yangu. Na kabla mwamuzi hajatia saini, kosa la meza hurekebishwa. Hiyo si huruma yangu, ndiyo kanuni."

Alinor akaivua filimbi. Kamba ikakwama sikioni, na watoto wakacheka, naye akaacha wacheke. Akamwendea Saidamen, akamvisha mwenyewe.

"Macho yako hayana kasoro," alimwambia. "Nisamehe."

Uso wa Saidamen ulikuwa na hasira aliyostahili kuwa nayo. "Nitakusamehe," alisema, "lakini si sasa hivi. Sasa hivi nina mchezo." Akapuliza filimbi, akaja mbele ya meza, akanyoosha vidole. "Meza: kikapu cha manjano kinahesabiwa, pointi mbili. Bluu namba nne, kampiga mrushaji mkononi. Faulo ya tano, atoke. Mtupo mmoja wa adhabu." Kisha, kwa kuwa kanuni humtaka mwamuzi aulize kabla ya kuufufua mpira, akauliza kwa sauti ile ile ya adabu, "Meza, tayari?"

Alinor akaketi mezani, akamtazama Ami, kuona kama atamwondoa kitini. Ami hakusogea.

"Tayari," alisema Alinor, na kalamu ikaandika kweli.

Mosib akautupa mtupo wake, ukaingia. Arobaini kwa thelathini na nane. Bluu wakapata sekunde zao sita, wakakimbia, wakatupa kutoka mbali. Mpira ukagonga chuma, ukaruka nje. Alinor akapiga upatu wa mwisho. Rinabolan wakashindwa nyumbani kwao, siku ya Idi, na Camaro hakumsalimia Alinor hadi mwezi ulipoandama tena.

Watu walipotawanyika, Ami Macaraya aliwaita wote wawili chini ya kikapu.

"Alinor, msimu mzima utafagia uwanja huu peke yako, na mpunga utaukusanya peke yako."

"Ndiyo, Ami."

"Na mimi nina kosa langu. Nilikuweka mezani kwa sababu unazijua kanuni. Nilidhani azijuaye kanuni amekwisha kuwa mwaminifu. Sikukufundisha ile iliyo nje ya kitabu." Akalinyoosha goti lake bovu, likalia. "Mtume wetu ametuonya kwamba husuda hula mema kama moto ulavyo kuni. Wewe ulizijua kanuni zote za faulo, ukamfanyia mwenzako faulo ambayo hapana filimbi iwezayo kuipuliza, kwa maana imetendeka kifuani. Yashikeni haya. Mpira ukifa, mwamuzi yeyote huufufua. Lakini haki ya mtu ikifa, haifufuki mpaka yule aliyeiua asimame mbele ya watu aseme: ni mimi. Leo umesimama. Imekuwa chungu?"

"Chungu sana, Ami."

"Ihifadhi ladha yake. Ukitamani tena cha mwenzio, itakuja ulimini kabla ya neno."

Wakarudi nyumbani watatu. Usiku Saidamen aliinua mkono kuitundika filimbi juu ya chandarua, kisha akasita, akaenda kuitundika upande wa mlangoni, isimgonge mtu. Alinor akajua kwamba msamaha umeanza njia.

Leo Ami Macaraya yuko mbele ya haki, na kiti chake cha plastiki kipo bado chini ya kikapu. Binamu wawili wale ni watu wazima wenye ndevu; kila Idi huamua fainali, mmoja na filimbi na mmoja na upatu, na mwaka unaofuata hubadilishana. Ewe Mola, mrehemu aliyetangulia, na uwabariki waliobaki: wenye filimbi uwape macho ya haki, wenye upatu uwape ulimi wa kweli, na vijana wasomao habari hii uwasafishie vifua vyao, wafurahie kheri ya wenzao kama wafurahiavyo yao. Amin.